Pishi ya Tatu

Muyeye, Malindi
9 Februari 2025

Mwanangu Sumeiya,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha karai langu la kukaangia viazi, kilichotokea ghafla Ijumaa alasiri mbele ya wateja. Marehemu alitoboka tumbo akiwa kazini. Mafuta yalimwagika yote, moto ukapanda, na Jedida jirani yangu akapiga ukelele uliowatoa watu mpaka msikitini. Marehemu ameacha mwiko mmoja, chujio moja na mjane mmoja, ndiye mimi. Maziko yalisimamiwa na mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliyepita Jumamosi na mkokoteni wake. Hakuomba dua. Aliomba apewe na mfuniko.

Mimi sikuungua. Nakuambia mapema ili usianze kupiga simu. Na usipige simu. Ukipiga, mimi nasema "sijambo", Jedida chumba cha pili anasema "mwambie nimemsalimia", na yule wa chumba cha mwisho anauliza "ni Sumeiya huyo?" Nyumba hii haina dari na kuta zake zimeishia katikati ya safari. Neno langu la siri linapita juu ya vyumba vyote kabla halijafika Kilifi. Karatasi haina sauti. Nampa Kyalo wa gari la mikate alfajiri, na kabla hamjafungua hilo duka lenu la dawa unayo mkononi. Kyalo hasomi barua za watu. Anasema zake mwenyewe zinamshinda.

Lile uliloniuliza ulipokuja mara ya mwisho, nimelisikia. Sasa hivi natafuta karai.

Mamako,
Jaha


Kilifi
12 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Pole na msiba. Nilimsomea Faiz barua yako akacheka mpaka bisibisi ikamtumbukia ndani ya friji ya watu. Anasema karai angelitia kiraka. Nikamwambia umechelewa, tumeshazika.

Lakini Mama, umejiita mjane wa karai. Mjane wa mtu hutaki kuitwa.

Nilikuuliza kwa mdomo ukageuza maneno, ukaanza habari za bei ya vitunguu. Sasa naandika. Wazee wa Faiz wanataka nikaha iwe baada ya Idi. Imamu wa huku ameuliza swali moja tu: nani atakayemwozesha binti? Nikasema baba yangu ni Aboud. Akasema, "Vyema. Yuko wapi?"

Nilijikuta kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Ningemwambia nini? Kwamba nilipokuwa na miaka minane vita vilifika kisiwani kwetu, kule chini ya Kismayu, tukapakiwa botini mimi na wewe, na Baba akarudi nyuma kumchukua Bibi? Kwamba alisema atakuja na boti ya pili, na huu ni mwaka wa kumi na sita hatujaiona boti yenyewe, wala yeye, wala Bibi, wala mtu aliyewaona?

Nilimwambia hivyo hivyo. Alinisikiliza vizuri. Akasema kama Baba amekufa, mwenye haki ya kuniozesha ni nduguye, yaani Ami Shee. Kama yu hai, haki ni yake mwenyewe, na hakuna wa kuichukua hivi hivi. "Ijulikane kwanza ni lipi," akasema. "Na hilo ni la kadhi, na wa kulieleza mbele ya kadhi ni mamako."

Mama, ofisi iko hapo hapo Malindi. Ni mwendo wa miguu. Nenda, tafadhali. Bila walii wa kuniozesha sina nikaha, na bila neno lako sina walii.

Mwanao,
Sumeiya


Muyeye
17 Februari 2025

Mwanangu,

Nimepata karai jipya. Ni zito na lina kiburi, viazi vinanata upande mmoja. Litanyooka. Mwambie Faiz nimemsamehe kwa kucheka matangani. Jedida anakusalimia, amepata kazi ya kuimba kwaya ya asubuhi, na sisi wa vyumba vingine tumepata kazi ya kuisikiliza.

Sasa lile.

Unataka niende nikaseme amekufa. Nimemwosha? Nimemvika sanda? Nilipokuja nchi hii ilichukua miaka kukubaliwa kwamba nimezaliwa, na nilikuwa nimesimama pale pale mbele ya dirisha, nahema. Leo nikathibitishe kufa kwa mtu ambaye hata hayupo! Mimi mwanamke wa viazi, nilisoma herufi hizi kwa kuchungulia madaftari yako ukiwa umelala. Sina elimu ya kumwua mtu kwa maneno.

Halafu ni wewe unayeniambia hivyo? Toka tufike hapa, kila Ijumaa swali lako ni lile lile: "Mama, kuna habari yoyote ya Baba?" Uliuliza ukiwa na meno ya utoto. Uliuliza ulipovunja ungo. Ulipokwenda Kilifi ukahamia kuuliza kwa simu, na Ijumaa iliyopita umeuliza, Jedida akakujibu "bado, mwanangu" kabla sijafungua mdomo. Mtu anayeuliza habari za mtu hajamzika. Siwezi kwenda kumtia kaburini baba wa mtoto anayemngoja mlangoni.

Ukiacha kungoja, uniambie.

Mamako,
Jaha


Kilifi
20 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Nimeelewa. Wa kuozeshwa ni mimi niliyepo, na wa kuonewa huruma ni asiyekuwepo.

Mamake Faiz ameniuliza tena leo mbona kimya. Nikamwambia Mama anauguliwa. Sikumwambia ni nani mgonjwa.

Ramadhani njema nikitangulia.

Sumeiya


Muyeye
9 Machi 2025

Sumeiya,

Kyalo anarudi mikono mitupu wiki ya tatu hii. Nilimwuliza kama barua zako zinamwanguka njiani, akaapa, na yeye ni mtu wa kanisa asiyependa kuapa. Anasema umekonda. Nikamwambia ni Ramadhani, watu hukonda. Akasema, "Mama Sumeiya, wenzake hapo dukani wamenenepa."

Basi nikupe habari, hata kama hutaki. Tumepata mgeni. Ami yako Shee alikuja kufuturu juzi, na tikiti maji kwapani. Mara ya mwisho kuukanyaga mlango huu ulikuwa mdogo. Alikuja mwaka wetu wa pili hapa, akasema, "Shemeji, Aboud amekufa, tumsomee hitima tupumzike," nami nikamtoa nje na mwiko wa moto. Toka hapo tukawa tunasalimiana kwa kukohoa tukipishana sokoni.

Safari hii alikaa kwa adabu. Akasema, "Shemeji, nasikia mtoto amechumbiwa."

"Amechumbiwa."

"Basi aolewe."

"Aolewe, nani kamzuia?"

"Wewe."

Nikamwongeza uji. Shee akiwa na uji mdomoni ni binadamu wa kuvumilika.

Tulipokwisha kula nikaendelea na kazi yangu ya kupima mchele wa fitri. Unajua mimi huupima mapema: pishi yangu, pishi yako hata kama wajitegemea, na pishi ya babako, kila mmoja na mfuko wake. Shee akaitazama ile ya tatu. Fitri anatolewa aliye hai, maiti hana fitri. Hilo analijua hata mtoto wa chuoni. Nikamngoja aseme. Mwiko nilikuwa nao karibu.

Hakusema. Aliutazama ule mfuko, akaukunja mdomo wake vizuri mchele usimwagike, akauweka sawa na mingine. Akaenda zake bila kumaliza tende.

Huyo si Shee ninayemjua, na sikulala vizuri.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Mamako,
Jaha


Kilifi
14 Machi 2025

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa barua yangu ile.

Nikuambie kuhusu pishi ya tatu. Toka nipate kazi huku, kila Ramadhani natoa fitri pishi mbili. Moja yangu. Ya pili ya Baba. Naipeleka msikitini mwenyewe na sijamwambia mtu, hata Faiz. Nilikuwa nahofia mwaka utakaougua, au mchele ukupungukie, Idi ipite Baba hajatolewa. Nilijua ukishindwa kuipima pishi ile, kwako ndiyo itakuwa siku aliyokufa. Basi nikamwekea akiba Kilifi.

Lakini mimi simngoji, Mama. Niliacha nikiwa darasa la tano. Hakikutokea kitu. Nilikuwa nafua sare pale kwenye bomba, nikajikuta nawaza tu itakauka saa ngapi, na nikashtuka kwamba toka asubuhi Baba hajanijia hata mara moja. Nikaona basi, imekwisha. Nikaacha kuuliza.

Ijumaa ya kwanza nikapita kimya. Ya pili nikapita kimya. Na wewe ukaacha kula. Umesahau? Ulijigeuzia ukutani, uji unapoa, ukisemeshwa hujibu. Wateja wakaja wakaondoka. Nilikuwa mtoto lakini nilijua ni mimi, nimeuzima moto. Ijumaa iliyofuata niliporudi shule nikakusogelea nikauliza, "Mama, kuna habari yoyote ya Baba?" Ukageuka ukasema, "Atakuja, inshallah." Na jioni ile ukala sahani nzima.

Toka siku ile sijathubutu kuacha tena. Wewe unasema huwezi kumtia kaburini baba wa mtoto anayemngoja. Mimi nauliza ili wewe usianguke.

Sasa umeniambia nikiacha kungoja nikuambie. Nimekuambia. Kula, tafadhali.

Mwanao,
Sumeiya


Muyeye
20 Machi 2025

Sumeiya mwanangu,

Lilikuwa jino.

Nimesoma barua yako mpaka viazi vikaungua, kisha nikakaa kwenye kibao nikaikumbuka wiki ile yote. Lilikuwa gego la chini, kushoto. Shavu lilivimba likakutana na sikio. Nilijigeuzia ukutani ili usinione ukaogopa. Sikujibu kwa sababu mdomo haukufunguka, na uji niliuacha upoe kwa sababu wa moto ulikuwa unanitoa roho. Ile Ijumaa asubuhi, wewe uko shule, Jedida alinikokota likaenda kung'olewa. Ulipokuja kuniuliza habari za babako nilikuwa na pamba mdomoni. Nilisema "atakuja" kwa vile ndilo neno lililokuwa jepesi kupita kando ya pamba. Na jioni nilikula sahani nzima kwa kuwa nilikuwa na njaa ya wiki.

Jedida nimemwuliza kama anakumbuka. Anakumbuka mpaka rangi ya kanga niliyofungia shavu.

Sasa zamu yangu. Mimi nilijua toka mwaka wa kwanza. Babako hakuwa mtu wa kuchelewa. Mchana ukipita kidogo bila chakula alikuwa akisimama mlango wa jikoni anapiga miluzi. Mtu wa namna hiyo hapotei mwaka mzima kwa hiari yake. Wale waliovuka baada yetu niliwauliza mmoja mmoja, na wote walitazama miguu yao. Sikuhitaji zaidi.

Shee sikumtoa nje kwa kusema uongo. Nilimtoa kwa kusema mbele yako. Ulikuwa umeshika mlango kwa mikono miwili, na niliuona uso wako. Nikajiambia: mtoto huyu akiacha kuuliza mwenyewe, siku hiyo nitasema, tutalia, tutamsomea. Nikangoja uache. Hukuacha! Nikasema moyoni, subira hii kairithi wapi, kwa babake haikuwepo, kwangu haipo. Nikaendelea kupima mchele.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Wewe unauliza ili mimi nisife, mimi najibu ili wewe usilie, na wote wawili twajua jibu. Kisha tukaona haitoshi tukamtolea fitri huku na huko. Babako ametolewa mara mbili. Wewe umetolewa mara mbili. Mimi peke yangu, niliyefunga na kukaanga juani, nimetolewa mara moja.

Nilimwendea ustadhi nikamwambia kuna mama mmoja, simjui vizuri, na mkasa wake ni hivi na hivi. Akafikiri, akasema iliyozidi Mungu ataiandika sadaka, na sadaka inamfikia aliye hai na maiti. Nilipokuwa navaa viatu akasema, "Huyo mama nisalimie, na viazi vyake ni vizuri."

Idi ikipita nitakwenda kwa kadhi.

Mamako,
Jaha


Kilifi
23 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Jino!

Nimeisoma nikiwa nyuma ya kaunta. Nilicheka mbele ya mzee aliyekuja kununua dawa ya kikohozi, kisha nikalia, na yule mzee akasema dawa nipewe mimi kwanza. Bosi kanirudisha nyumbani mapema.

Miaka yote hiyo, Mama. Kuna Ijumaa nilikuwa na mtihani, kuna Ijumaa nilikuwa na homa, nakupigia kukuuliza kwa sauti ya mtu mwenye hamu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti njiani.

Lakini usiende kwa ajili yangu tu. Kujua ni kitu kimoja, na kusema mbele ya watu ni kingine. Kama moyo bado hautaki, Faiz atangoja, nimemwuliza. Anasema friji zimemfundisha: ukilazimisha mlango, raba inachanika.

Mwaka huu nimetoa pishi moja.

Mwanao,
Sumeiya


Muyeye
11 Aprili 2025

Sumeiya,

Nilikwenda jana. Nimekaa leo mchana kutwa nikitafuta pa kuanzia, basi naanza na viatu. Nilivaa vile vyeusi vya Idi. Shee alivaa kanzu mpya, akajipaka mafuta ya mdalasini, akanuka kama pilau. Nilimwita mimi mwenyewe. Nilimwambia tunakwenda kusema lile neno lake, aje alisikie.

Kadhi ni kijana, ana ndevu nzuri na mafua. Alitukalisha. Nikamsimulia kisiwa, boti, Bibi, yote. Alikuwa anaandika, anapenga kamasi, anaandika. Nilipofika mwisho nikavuta pumzi niseme lile neno. Akanizuia kwa mkono.

"Mama, usijichoshe. Kwa ndoa ya binti huna haja ya kusema amekufa. Sema hajulikani alipo. Mimi nitasimama badala yake nimwozeshe. Shughuli imekwisha."

Sumeiya, huo ulikuwa mlango wa nyuma, umefunguliwa wazi. Ningetoka pale na binti wa kuolewa na mume aliye safarini, kama nilivyoingia. Ningerudi kukaanga viazi alasiri ile ile.

Shee akanitazama. Nilimtazama na mimi. Nikasubiri aseme, "Amekufa, andika amekufa," kama alivyosema siku ya mwiko. Unajua alichosema? Alimgeukia kadhi akasema, "Ndiyo, sheikh, andika hajulikani. Hajulikani ni kweli. Kwa nini tuharakishe?"

"Shee," nikasema, "umepigwa mwiko kwa neno hili, leo unalikimbia?"

"Shemeji, siku ile nilikuwa nataka uniambie si kweli." Akaanza kulia ndani ya kanzu mpya. "Ukanitoa nje, nikafurahi. Nikasema, mkewe ana uhakika, basi yuko. Nimekuwa nikipita sokoni nikitazama kama unanunua mchele mwingi au kidogo."

Kadhi akampa karatasi ya kupengea, moja ya zake.

Na mimi nikaona kwamba nikipita ule mlango wa nyuma, tutakuwa watatu tunaodanganyana badala ya wawili. Nikasema, "Sheikh, futa. Mume wangu Aboud amekufa. Alikwenda kumchukua mamake na vita vikamkuta huko. Andika hivyo."

Sauti ilikuwa yangu. Nilidhani nitaanguka. Kiti kilikuwa imara.

Kadhi akaweka kalamu chini, akatusomea Fatiha, sote tukaitikia. Alituita tena alasiri tuje na watu wawili wanaojua kwamba hajasikika toka siku zile. Wakaja wawili wa kwetu wa upande wa ufukweni, wakasema wanayoyajua. Akaniambia hukumu ni leo, na eda yangu inaanza leo.

Kwa hiyo mwanamke aliyetoka na viatu vyeusi amerudi mjane, na wala si wa karai. Jedida alipika ugali na mchicha akaniletea bila kuimba. Shee alikaa mlangoni mpaka magharibi akipokea watu kama vile msiba umetokea asubuhi. Watu walikuja. Walikuja wengi, Sumeiya. Sikujua watu wote wale walikuwa wakingoja kunipa pole.

Ile pishi ya tatu niliitoa sadaka kwa jina lake kabla ya Idi, haikukaa.

Mamako,
Jaha


Kilifi
14 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Faiz alinikuta nimeishika barua sijui nimeishika tangu saa ngapi. Aliisoma, akatoka nje, akarudi na macho mekundu, akasema ni gesi ya friji.

Nimesema Fatiha. Kisha nikamlilia Baba, ambaye nilidhani nilimaliza kumlilia nikiwa darasa la tano. Kumbe nilikuwa nimeahirisha. Nimemkumbuka na ile miluzi uliyoitaja. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alikuwa akipiga miluzi.

Tumezungumza na wazee wake. Utakuwa edani miezi minne na siku zake. Huwezi kutoka, huwezi kujipamba, huwezi kuja Kilifi. Sitaki kuolewa Mama yuko ndani kwa huzuni. Tumekubaliana tusubiri utoke.

Mwanao,
Sumeiya


Muyeye
17 Aprili 2025

Sumeiya,

Tusubiri nini? Mwanamume mmoja tumemsubiri miaka kumi na sita, na sasa unataka kuanza kumsubiri mwingine aliye hapo mbele yako na bisibisi mkononi.

Eda hainikatazi kumwona mwanangu akiolewa. Inanikataza kutoka na kujipamba, na kujipamba sikuwa nakujua sana. Nikaha wanaume wataisoma huko msikitini, walii unaye, tena ana kanzu mpya. Halafu mje wote Muyeye. Mimi siwezi kutoka kwenda harusini, harusi itaingia ndani. Jedida ameshaanza kuwaambia wapangaji wahamishe ndoo zao ukumbini.

Viazi anakaanga yeye kwa sasa. Anavitia chumvi kama mtu mwenye ugomvi na bahari, lakini wateja wanamwogopa, wanakula.

Tarehe ni ile ile tuliyokuwa tumeizungumza. Msinisogezee.

Mamako,
Jaha


Muyeye
8 Juni 2025

Mwanangu, bibi harusi wa watu,

Umeondoka Jumatano na ukumbi bado una asumini kila kona. Wapangaji wamerudisha ndoo zao lakini wanazipanga kwa heshima, kama wageni bado wapo. Yule wa chumba cha mwisho ameniuliza harusi nyingine lini. Nikamwambia binti ninaye mmoja. Akasema, "Pole."

Faiz kwa adabu yake huenda hakukuambia ya msikitini, basi nakuambia mimi. Kyalo aliwapeleka wazee na gari la mikate, akawa amesimama dirishani, akaona yote. Shee alimshika Faiz mkono vizuri, akaanza vizuri: "Nakuoza Sumeiya, binti wa ndugu yangu Aboud..." akakwama. Watu wakangoja. Imamu akamnong'oneza. Akaanza upya, akakwama pale pale. Mara ya tatu akasema, "binti wa ndugu yangu, marehemu Aboud," kwa sauti iliyotoka mpaka barabarani, na baada ya hapo maneno yote yakamtiririka. Kyalo anasema hajui Kiarabu wala hajui nikaha, lakini alivua kofia.

Shee siku hizi anapita kila jioni. Anakunywa chai, anauliza kama nina haja ya kitu sokoni, anaondoka. Jana alinisimulia jinsi babako alivyomfundisha kuogelea kwa kumsukuma gatini. Sikuwahi kukisikia kisa hicho. Kuna vingine, anasema. Nilimwambia sina pa kwenda mpaka Agosti, avilete vyote, na wewe ukija utavisikia.

Ijumaa simu yako ililia, nikajiandaa kusema "bado". Ukaniuliza nimepika nini. Tukazungumza habari za samaki wa nazi mpaka salio likakwisha, na nyumba nzima ikachangia. Sikumbuki tena ni lini tulizungumza Ijumaa bila kuogopana.

Msalimie Faiz. Mwambie mkwe wake anasema friji ya Jedida inanguruma, akija aje na bisibisi.

Mamako,
Jaha

Nimesahau kukuambia. Toka tuhamie hapa nimekuwa nikilala ukingoni mwa kitanda, upande wa mlango, na upande wa ukutani nikauacha wa babako. Kitanda chenyewe hakukiona hata siku moja, nilikinunua hapa hapa kwa Jedida. Lakini ndivyo nilivyokaa, na miaka yote nikijiambia kwamba upande ule ndio wenye upepo na godoro laini. Jana nilitandika shuka safi, nikasema bismillahi, nikajisogeza mpaka ukutani nikajinyoosha.

Upande ule una kunguni.